Oksijeni au florini? Uchambuzi wa fuwele moja ya molibdeni, Kisumu

Mwanafunzi wangu wa uzamili aliingia ofisini asubuhi moja ya masika, mwavuli ukichuruzika maji, akaweka laptopu mezani kabla hata ya kuketi. "Mwalimu, imekubali. R ni asilimia 2.6."

Kwa asiyefanya kazi hii, R ni kipimo cha tofauti kati ya nguvu za miale zilizopimwa kwenye fuwele na zile ambazo mpangilio wa atomi ulioupendekeza ungezitoa. Kwa fuwele ndogo yenye atomi chache, ukishuka chini ya asilimia 5 watu hupeana mikono. Asilimia 2.6 ni kazi safi, na binti huyu alikuwa amekesha kwa siku tatu akiitafuta. Nilimpongeza kwa dhati. Kisha nikasoma fomula iliyoandikwa chini ya picha yake, nikamwomba avute kiti.

Fomula ilikuwa K2MoO2F5.

Tuliihesabu pamoja kwa kalamu. Potasiamu mbili zinaleta chaji chanya 2. Molibdeni katika hali yake ya juu kabisa inaleta 6, na fuwele hizi hazina rangi hata kidogo, kwa hivyo hatukuwa na sababu ya kuishuku kuwa katika hali ya chini, ambayo kwa kawaida hujitangaza kwa rangi. Jumla ni 8. Upande wa pili, oksijeni mbili ni 4 na florini tano ni 5, jumla 9. Kuna chaji hasi moja isiyo na mwenyewe. Kompyuta ilikuwa imeridhika kabisa na kitu ambacho hakiwezi kuwepo.

Nieleze kwanza data ilikotoka. Chumvi za aina hii, ambazo metali ya mpito imezungukwa na oksijeni na florini kwa pamoja, kwa kawaida hukuzwa ndani ya asidi haidrofloriki (HF). Maabara yetu haishughuliki na asidi hiyo, na nadhani ni uamuzi wa busara. Hupenya ngozi kimyakimya, uchungu ukachelewa, ikaenda kushika kalsiamu ndani ya mwili hadi moyo ukakosa mdundo. Anayeishika lazima awe na jeli ya kalsiamu glukoneti mkononi na hospitali inayojua la kufanya. Kwa hivyo fuwele zilikuzwa nje ya nchi na wenzetu wenye vifaa, zikapigwa eksirei hukohuko, nasi tukaletewa data ghafi pamoja na kichupa cha plastiki chenye gramu mbili hivi za chumvi yenyewe. Lilikuwa zoezi. Chumvi hii si mpya, wakemia wameijua kwa miaka mingi, na jibu lake limo kwenye machapisho. Nilimkataza kulitafuta mpaka awe na hoja zake mwenyewe.

Tatizo la msingi ni kwamba eksirei huona elektroni tu. Atomi ya oksijeni ina elektroni 8, ya florini 9. Zikishaingia kwenye chumvi, oksijeni huchukua mbili na florini moja, na zote mbili zinakuwa na 10. Kando yao imesimama molibdeni yenye elektroni zaidi ya 30, inang'aa kama taa ya gari usoni. Kuuliza eksirei itofautishe jirani hawa wawili ni kama kuuliza mtu aliye ng'ambo ya ghuba ni pacha yupi amesimama ufuoni Dunga, hapa Kisumu. Wengine hukimbilia nyutroni, ambazo hazijali elektroni bali kiini. Lakini hata huko bahati ni mbaya: nguvu ya oksijeni ya kutawanya nyutroni ni femtomita 5.80, ya florini 5.65. Sijui jozi nyingine katika kemia ya kila siku iliyofichwa vizuri namna hii.

Mwanafunzi wangu alizaliwa Njoro, na fumbo hili liko karibu naye zaidi ya alivyodhani. Watu wengi wa pande za Nakuru wana madoa ya kahawia kwenye meno kwa sababu maji ya visima vya Bonde la Ufa, yanayopita kwenye miamba ya volkeno, yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Madini ya jino ni apatiti ya kalsiamu na fosfeti, na ndani yake kuna safu za haidroksili, yaani oksijeni yenye haidrojeni moja. Floraidi inaweza kuketi mahali pa haidroksili hiyo. Zote zina elektroni 10. Kinachobadilika kwa urahisi wa kupimwa ni upana wa kizio cha fuwele, yaani kipande kidogo kinachojirudia, unaopungua kutoka angstromu 9.42 hadi 9.37 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Nilipomwambia hayo alinyamaza, akagusa jino lake la mbele kwa ulimi. Ninaliandika hili kwa sababu kuanzia hapo aliacha kuuliza kompyuta inasemaje, akaanza kuuliza atomi inahitaji nini.

Turudi kwenye picha. Molibdeni ilikuwa katikati ya atomi sita, zilizopangika kama pembe za umbo la pande nane. Atomi ya saba ilikaa peke yake mbali na molibdeni, katikati ya potasiamu. Urefu wa vifungo ulikuwa wa jozi tatu: viwili vifupi vya angstromu 1.70, viwili vya 1.94, na viwili virefu vya 2.06. Vile vifupi vilikuwa ubavu kwa ubavu, si kukabiliana, na kila kirefu kilikuwa kinatazamana na kifupi kimoja.

Alikuwa ameandika F kwenye vile vifupi viwili, O kwenye vile vya 1.94, F kwenye virefu, na F kwenye ile ya upweke. Nilimuuliza alifikaje hapo. Alisema alifuata urefu wa vilele: programu inatoa orodha ya mahali palipo na elektroni nyingi, na penye kilele kirefu zaidi kati ya majirani wa molibdeni akapaita florini, kwa kuwa 9 ni zaidi ya 8. Ni hoja ya akili, na ndiyo inayopoteza watu wengi. Kilele hakipimi idadi ya elektroni peke yake. Atomi iliyobanwa sana na jirani yake hutikisika kidogo, elektroni zake zinabaki mahali padogo, na kilele chake kinachongoka. Atomi iliyolegea hutikisika, elektroni zilezile zinasambaa, na kilele kinakuwa kifupi na kipana. Kwa hiyo alichokipima hasa ni nani amebanwa zaidi. Na kwenye molibdeni ya chaji 6, anayebanwa zaidi ni oksijeni.

Nilimpa hesabu moja tu. Wazo lake linaanzia kwa mkemia Linus Pauling mwaka 1929, na orodha ya namba tunazotumia ilichapishwa na Brown na Altermatt mwaka 1985. Kila kifungo kina nguvu unayoweza kuikadiria kutokana na urefu wake: chukua namba maalumu ya jozi ile ya atomi, toa urefu uliopimwa, gawanya kwa 0.37, kisha pandisha namba ya asili e (2.718 hivi) kwa kipeo hicho. Kwa molibdeni na oksijeni namba maalumu ni 1.907, kwa molibdeni na florini ni 1.81. Jumla ya nguvu zote zinazofika kwenye atomi lazima ikaribie valensi yake. Nilimwambia afikirie chama cha akina mama: kila mmoja anajua anachopaswa kutoa na kupokea, na mwisho wa mzunguko daftari halina budi kukubaliana. Florini inadai 1, oksijeni inadai 2, molibdeni inatoa 6.

Alianza na majina yake mwenyewe. Florini kwenye 1.70 ikapata 1.35. Alirudia hesabu mara mbili. Florini haiwezi kupokea 1.35, na hapo potasiamu zilizo karibu hazijatoa chochote. Kisha oksijeni kwenye 1.94: ilipata 0.91 tu. Ili ifike 2 ingebidi ipewe zaidi ya 1 na potasiamu, na potasiamu nzima ina 1 tu ya kuwagawia majirani wanane hivi. Daftari limekataa pande zote mbili, mmoja amezidishiwa na mwingine amedhulumiwa.

Akabadilisha. Oksijeni kwenye zile fupi: 1.75 kila moja, ikibaki robo ya kujazwa na potasiamu. Florini kwenye 1.94: 0.70. Florini kwenye 2.06: 0.51. Akajumlisha kwa molibdeni: 3.50, ongeza 1.41, ongeza 1.02. Akapata 5.93.

Aliitazama namba hiyo kwa muda. Baadaye akabadilisha majina kwenye faili na kuendesha programu upya. R ilishuka kutoka 2.6 hadi 2.5. Hiyo ndiyo tofauti yote ambayo eksirei iliweza kutoa kati ya kweli na uongo, na angeanza na R peke yake asingejua hata kuwa kuna la kuchagua.

Jambo moja hapa linanifurahisha kila mwaka ninapolifundisha. Kwa nini oksijeni mbili zinakaa ubavu kwa ubavu? Zote ni hasi, ungetarajia zikae mbalimbali iwezekanavyo. Molibdeni hii haina hata elektroni moja ya d; maghala yake ya d, yaani nafasi za kukaa elektroni hizo, yako tupu. Oksijeni hujaza maghala hayo kwa kifungo cha ziada, ndiyo maana kifungo ni kifupi hivyo. Zikikaa mkabala, zote mbili zinategemea maghala mawili yaleyale, zinagombania. Zikikaa ubavuni zinatumia matatu, na moja tu ndilo la kugawana. Kwa hivyo zinavumilia ujirani wa karibu kwa ajili ya mali. Kisha molibdeni inavutwa kuelekea ukingo ule wenye oksijeni mbili, na florini zilizo upande wa pili zinaachwa na vifungo virefu. Katika ioni ya niobi yenye oksijeni moja na florini tano, metali huvutwa kuelekea kona. Katika ioni ya molibdeni yenye oksijeni tatu na florini tatu, huvutwa kuelekea uso wa pembetatu. Kona, ukingo, uso: ukishajua oksijeni ni ngapi, unajua metali imeegemea wapi. Kundi la mkemia Poeppelmeier pale Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, limefanya kazi kubwa kuonyesha kwamba florini zile za vifungo virefu, zilizobaki na njaa, ndizo zinazowavuta potasiamu na majirani wengine kwa nguvu zaidi, na hivyo kuamua fuwele nzima itajipangaje.

Tulikuwa na bahati pia. Fuwele hii ina mpangilio, kila ioni imeelekea upande unaojulikana. Ziko nyingi ambazo hazina. NbO2F, ambayo Frevel na Rinn waliieleza mwaka 1956, ni mchemraba safi wa angstromu 3.90, niobi kwenye pembe na kitu kimoja katikati ya kila ukingo, angstromu 1.95 kutoka kila niobi. Kitu hicho ni theluthi mbili oksijeni na theluthi moja florini, mchanganyiko wa kubahatisha. TiOF2, ya titani, ni vivyo hivyo. Hapo urefu wa vifungo unaosomwa ni wastani tu, na hesabu yetu ya chama haimwoni mwanachama yeyote mmojammoja.

Ikabaki ile atomi ya saba.

Kuibadilisha iwe oksijeni ya maji kulikuwa kishawishi cha wazi: chaji zinalingana, fomula inakuwa K2MoO2F4·H2O, tunaenda nyumbani. Haidrojeni hazikuonekana, na si ajabu, kwani kila moja ina elektroni moja tu mbele ya molibdeni. Lakini binti alisema jambo ambalo sikuwa nimelitarajia kutoka kwake wiki ile. "Mwalimu, ilikuzwa ndani ya HF. Je, kama ni HF yenyewe iliyonaswa?" Alikuwa sahihi kuuliza. Molekuli ya HF haina chaji, kama maji. Ina elektroni 10, kama maji. K2MoO2F4·HF ingelinganisha hesabu bila kosa lolote. Kwa hiyo hata baada ya chaji kulingana, bado hatukuwa tumethibitisha kitu.

Tulianza na tanuri, kwa sababu ndicho kifaa tulichokuwa nacho karibu. Kama ni maji, uzito utakaopotea ni 18 katika 300, yaani asilimia 6.0. Kama ni HF, ni 20 katika 302, asilimia 6.6. Tuliweka gramu 0.500 kwenye kikombe cha tefloni, maana sikutaka kioo karibu na floraidi yenye joto, tanuri likiwa ndani ya kabati la kuvuta hewa. Siku ya kwanza stima ilipotea saa nane mchana. Kikombe kilipoa kikiwa wazi katika hewa nzito ya ziwa, nasi hatukujua tena kilichoondoka na kilichorudi. Tukatupa matokeo yale. Siku ya pili kikombe kilitoka tanurini moja kwa moja hadi kwenye kikaushio chenye silika, kikapimwa kikiwa kimepoa: gramu 0.471. Upungufu ni asilimia 5.8.

Inaelekea kwenye maji, naam. Lakini tofauti kati ya majibu mawili yale ni miligramu 3 kwenye mizani inayosoma miligramu 1, na sampuli iliyosagwa haikosi unyevu wake wa juu. Nilimkataza kuandika kwamba tanuri limethibitisha. Aliandika kwamba halipingi.

Kilichosogeza jambo mbele zaidi ni umbali, ambao ulikuwemo kwenye faili tangu siku ya kwanza. Atomi ya saba ilikuwa na florini mbili jirani, kila moja kwa angstromu 2.7 hivi, na pembe kati yake ilikuwa karibu nyuzi 105. HF ikikaa jirani na floraidi huishika kwa nguvu sana. Katika ioni ya bifloraidi, yaani HF iliyoshikamana na floraidi, florini hadi florini ni angstromu 2.3 tu. Na HF ina haidrojeni moja, ingeshika florini moja na kuiacha nyingine. Hapa palikuwa na mikono miwili, ya urefu unaokaribiana, ikifunguka kwa pembe ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anaijua kwa molekuli ya maji. Na florini ilizozishika zilikuwa zile za 2.06, zenye njaa.

Mwisho tulipima kwa infraredi. Hapa nilimsimamia kwa karibu, kwa sababu njia ya kawaida ni kusaga sampuli pamoja na potasiamu bromidi na kuikandamiza iwe kidonge, na potasiamu bromidi katika hewa ya Kisumu hunywa maji kama sifongo. Ungeona maji, lakini maji ya nani? Tulisaga sampuli ndani ya mafuta ya parafini, tukapima kwanza mafuta matupu kwenye vidirisha vilevile. Kwenye namba-wimbi 1620 (idadi ya mawimbi kwa kila sentimita), mafuta matupu hayakuwa na kitu. Sampuli ilipoingia, mstari ulijitokeza palepale, wazi, pamoja na mwingine mpana juu kidogo ya 3400. Ule wa 1620 hutoka kwa molekuli inayojipinda, mikono yake miwili ikifunga na kufungua kama mkasi. HF ina mkono mmoja, haina cha kupinda.

Chini kidogo, karibu na 950 na 910, kulikuwa na mistari miwili yenye nguvu: molibdeni na oksijeni zake mbili, zikivutika kwa pamoja na kwa kupishana. Zingekuwa mkabala na kulingana, ule wa kwanza usingeonekana kabisa katika infraredi. Hatukuuomba ushahidi huo, ulikuja wenyewe.

Alirudi kwenye faili jioni ile. Aliweka haidrojeni mbili kwenye oksijeni ya saba, akizielekeza kwa florini zile mbili, akazifunga kwenye umbali unaokubalika kwa kuwa data haikuweza kuzishikilia yenyewe, na akaandika hivyo wazi kwenye maelezo: nafasi za haidrojeni zimewekwa, hazikupimwa. Chini yake akaweka jedwali la nguvu za vifungo kwa kila atomi, potasiamu zikiwemo. Ndipo nilipomruhusu afungue machapisho. Alisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari kwenye skrini, akanitajia jina la chumvi kwa sauti, na maji yake.

Sampuli ya pili iko njiani. Hiyo ina vanadi, haijachapishwa, na barua iliyoambatana na data inasema florini ni nne. Ameshauliza walizihesabu vipi.